Kilomita 50 za kwenye boksi: Redio koli gani kwa msafara wa Desemba?

Geuza boksi lolote la redio za mkononi zinazouzwa Kariakoo na karibu kila mara utakuta namba imeandikwa kwa tarakimu kubwa: kilomita 10, kilomita 20, mara nyingine 50. Muuzaji naye ana yake ya kuongezea. Mwulize kama gari lililoko Segera litalisikia lililoko Korogwe, atakujibu bila kupepesa macho kwamba hata Same anasikika.

Namba hizo hazikubuniwa kutoka hewani. Mawimbi ya redio za aina hii husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo, kwa hiyo kinachoamua umbali kwanza ni urefu wa antena kutoka ardhini. Mafundi wana hesabu yao fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo redio moja inaweza kufikia kabla ya mbonyeo wa dunia kuizuia. Jumlisha na za redio ya pili. Watu wawili walioshika redio kwenye kimo cha mita moja na nusu, katika uwanda usio na hata kichuguu, wana kilomita 10 kati yao. Ili wafikishe 50, kila mmoja lazima awe yapata mita 37 juu ya ardhi, yaani juu ya paa la ghorofa refu, na katikati yao pasiwe na mlima, msitu wala jengo. Boksi liliandikwa kwa ajili ya watu hao wawili. Wewe uko ndani ya Noah, umebanwa kati ya ndoo ya ndizi na begi la shangazi.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe redio inafika wapi. Liwe: msafara wetu unahitaji ifike wapi?

Tuchukue msafara ambao Watanzania wengi wanaufahamu. Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya familia zinazorudi Kilimanjaro kwa Krismasi. Kaka mkubwa yuko mbele na Prado, shemeji katikati na Noah iliyombeba bibi na watoto, mjomba nyuma na RAV4 ambayo kila mtu anaiombea. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500. Kabla ya kufika Msata msafara umeshakatika, kwa sababu mmoja amepita Bagamoyo na wengine wamepita Chalinze, na simu zinaanza. Mko wapi? Tumesimama. Wapi? Hapa penye mahindi ya kuchoma. Penye mahindi ya kuchoma ni pengi.

Simu humfikia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na anayepigiwa mara nyingi ndiye anayeendesha. Redio koli hufanya kinyume: mtu mmoja anabonyeza, wote wanasikia, hakuna namba ya kutafuta wala kitu cha kutazama. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ng'ombe akiingia barabarani mbele ya Prado, neno "ng'ombe kulia" likifika nyuma papo hapo lina faida. Likifika baada ya simu kuita mara nne, ni habari za jana.

Sasa tupige hesabu ya mahitaji. Msafara uliopangika hauachani zaidi ya dakika mbili. Kwa mwendo huo wa 80, dakika mbili ni pungufu ya kilomita 3. Basi unachotafuta ni kilomita 3 za uhakika, zenye sauti inayoeleweka, wakati wa mvua na wakati wa jua, dereva akiwa amefunga vioo. Kilomita 50 zisizo na uhakika hazikusaidii kitu. Ukilikubali hili, pesa yako itakwenda mahali tofauti kabisa na pale muuzaji anapotaka iende.

Antena ipande juu ya paa

Redio ndani ya gari ni taa iliyofunikwa kwa pishi. Bodi ni chuma, paa ni chuma, na mawimbi yanatoka kupitia madirisha tu. Ukiwa umeishika mkononi, kichwa cha abiria wa mbele nacho kinakula sehemu yake. Ndiyo maana redio ileile iliyovuka kilomita nyingi ulipokuwa umesimama uwanjani huishia kilomita moja au mbili gari kwa gari.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya makundi mawili ya masafa utakayoyasikia dukani, VHF na UHF. Kwa redio za mkononi, VHF kwa kawaida ni kati ya megahezi 136 na 174, na wimbi lake lina urefu wa karibu mita mbili. UHF huanzia megahezi 400 na kupanda. Kwenye 450 wimbi lina urefu wa sentimita 67 hivi. Wimbi fupi hupenya kwenye dirisha la gari kwa urahisi zaidi kuliko refu. Wimbi refu nalo huvumilia zaidi vichaka na mabonde madogo likishatoka nje. Kwa familia itakayotumia redio ikiwa mkononi ndani ya gari, UHF ni chaguo salama. Kwa wenye antena za nje wanaokwenda porini, VHF ina ubora wake, na waongoza watalii wengi wa Serengeti na Maasai Mara wameegemea huko: redio imefungwa garini, antena ndefu inayumba mbele ya Land Cruiser, na habari za chui aliyeonekana juu ya mti zinafika kwa magari yote kabla chui hajageuza shingo.

Jambo moja ambalo lingebadilisha misafara mingi ni antena ya sumaku. Ni fimbo fupi yenye kitako cha sumaku, unaibandika katikati ya paa, unapitisha waya wake kwenye mpira wa mlango, unauchomeka kwenye redio mahali palipokuwa na antena ya mpira. Kwa UHF fimbo ya robo ya wimbi ni sentimita 17 tu. Kwa VHF ni nusu mita. Chuma cha paa, ambacho mwanzo kilikuwa adui, sasa kinafanya kazi ya kuakisi mawimbi na kuyasukuma nje pande zote. Wenye Land Rover Defender za zamani wajiandae: bodi yake ni ya alumini na sumaku haitashika, itabidi kibano cha kufungwa kwenye keria. Vichwa vya kuchomekea antena pia havifanani kati ya redio na redio, kwa hiyo nenda dukani na redio yenyewe mkononi.

Wenye maduka hupenda zaidi kuuza wati. Hii ni ya wati 5, bosi, lakini ile ya wati 8 ndiyo mashine. Kutoka wati 5 kwenda 8 ni nyongeza ambayo sikio lako halitaitambua. Hata mahali pasipo na kizuizi chochote, ili umbali uongezeke mara mbili nguvu lazima iongezeke mara nne, na betri italipa bili hiyo. Mita moja ya kupandisha antena ina thamani zaidi kuliko wati tatu. Ningependa maneno hayo yabandikwe kwenye kila kabati la vioo pale Kariakoo na kwenye Mtaa wa Luthuli, Nairobi, lakini sitarajii.

Zawadi kutoka Marekani na Ulaya

Kuna redio nyingine zinazoingia nchini bila kupita dukani kabisa: zile anazoleta ndugu kutoka ughaibuni, jozi ndani ya plastiki ngumu, za rangi ya kupendeza. Za Marekani mara nyingi ni za mfumo unaoitwa FRS, wenye chaneli 22 kwenye megahezi 462 na 467, ambao Mmarekani haombi leseni kuutumia. Za Ulaya ni PMR446, chaneli 16 kuanzia megahezi 446.0 hadi 446.2, nguvu nusu wati. Huko kwao zinafaa sana. Familia inaenda kupiga kambi, inanunua jozi, inawasha.

Zina mambo mawili yanayozibana. La kwanza ni la kiufundi: kanuni za mifumo yote miwili zinataka antena iwe imeungana na redio, isitoke. Antena ya sumaku huwezi kuichomeka. Utabaki na pishi lako. La pili ni kwamba ruhusa ya Marekani haisafiri na begi. Megahezi 462 ambazo kule ni za watoto kucheza, hapa zinaweza kuwa zimegawiwa kampuni ya ulinzi, mgodi au bandari.

Na hapa lazima tuongee sheria bila kuzungukazunguka. Tanzania masafa yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Redio kuuzwa hadharani si ushahidi kwamba unaruhusiwa kuiwasha: kifaa chenyewe hutakiwa kuidhinishwa, na masafa unayoyatumia yawe na kibali. Kabla hujalipa, uliza ofisi ya mamlaka ya nchi yako ni vifaa gani na masafa gani yanakuhusu, na upate jibu la maandishi. Ukivuka Namanga, Holili au Horohoro, kibali cha upande mmoja hakigeuki kuwa cha upande wa pili, na afisa wa forodha anapoona redio sita kwenye begi ana haki ya kuuliza wewe ni nani.

Wapo watakaosema haya ni makaratasi ya serikali tu. Fikiria mfano huu. Redio za bei nafuu za Kichina, kama Baofeng UV-5R iliyoenea dunia nzima, hufungua masafa yote kuanzia megahezi 136 hadi 174. Ndani ya eneo hilo kuna masafa ya vyombo vya majini, na megahezi 156.8 ni chaneli 16, ile ambayo nahodha anaitumia kuomba msaada meli inapozama. Kijana aliyeko Bagamoyo akibonyezabonyeza namba mpaka akaangukia hapo na kuanza kuulizia urojo, anaweza kumfunika mtu anayezama Mkondo wa Zanzibar. Hajui, na redio yake haitamwambia.

Kwa msafara wa mara moja kwa mwaka, maoni yangu ni haya: usinunue. Kodisha. Zipo kampuni zinazohudumia matamasha, mikutano na shughuli za filamu ambazo zina redio zilizopangiwa masafa yenye leseni, zinakuja zimechajiwa, zimewekewa chaneli, na chaja zake. Ulizia leseni yao kama unavyoulizia bima ya gari unalokodi. Utarudisha Januari, na droo yako nyumbani haitajaa vifaa vyenye betri zilizovimba.

Wanaosafiri kila mwezi, vilabu vya magari ya porini, kampuni ndogo za utalii, hao wana sababu ya kununua na kuomba masafa yao wenyewe. Wengine huvutiwa na redio za ridhaa, zile ambazo mwenye leseni hupewa utambulisho unaoanza na 5H kwa Tanzania au 5Z kwa Kenya. Ni ulimwengu mzuri, ila kila anayebonyeza anatakiwa kuwa na leseni yake au awe chini ya uangalizi wa mwenye nayo, na matumizi ya biashara hayaruhusiwi. Kwa shangazi aliyeko kwenye Noah, hiyo si njia.

Kitufe kimoja, kirungu kimoja

Ukishaamua kununua, nunua redio ambayo mtu asiyesoma kijitabu chake anaweza kuitumia. Zile za walinzi na wahudumu wa hoteli, zisizo na kioo wala vitufe vya namba, zenye kirungu cha kuwasha na kuongeza sauti na kingine cha chaneli 16, ndizo zinazodumu kwenye misafara. Redio yenye kioo na vitufe vya namba huvutia dukani, lakini mtoto wa kiti cha nyuma akiigusa mara mbili, imehama masafa na mjomba amepotea hewani. Kama ni lazima uichukue hiyo, jifunze kwanza namna ya kufunga vitufe.

Waambie mafundi wapange chaneli zote za redio zote zifanane, na jaribuni mbele yao. Utasikia habari za "namba za siri" au "toni." Redio hutuma mlio wa chini usiosikika pamoja na sauti yako, na redio za wenzako hazifungui spika mpaka zisikie mlio huo. Inazuia kelele za wengine zisikusumbue. Haimzuii mwingine kukusikia. Yeyote mwenye redio kwenye masafa hayo anasikia kila kitu, kwa hiyo hoteli mtakayolala, pesa mlizobeba na jina la mtoto aliyebaki peke yake garini havisemwi hewani.

Redio za dijitali nazo zipo, na sauti yake ni safi mpaka dakika ya mwisho. Kisha inakatika ghafla. Ile ya kawaida huanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ni taarifa: mkia unaachwa, punguza mwendo. Kwa msafara wa familia naupenda mkwaruzo.

Mombo kupanda Lushoto

Mahali pa kujua thamani ya vifaa hivi si barabara kuu chini ya milima ya Upare, ambako ni tambarare na mnaonana. Ni pale msafara unapokata kulia Mombo kwenda kuwasalimia ndugu wa Lushoto. Barabara inapanda Usambara kupitia Soni, nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na kona hazikuonyeshi kinachokuja. Kinachokuja mara nyingi ni lori la mboga.

Hapa gari la mbele na la nyuma yanaweza kuwa mita mia tatu tu kwa njia ya ndege, lakini ubavu wa mlima umekaa katikati na redio haipenyi mwamba, iwe ya wati 5 au 50. Gari la kati ndilo linalookoa, kwa sababu linawasikia wote wawili:

"Mbele hapa. Lori linashuka, lipo kona ya pili. Simameni penye upana. Ovaa."

"Nimekupata, tumesimama. Mjomba, umesikia? Ovaa."

Kimya.

"Mjomba, mbele wanasema lori linashuka. Simama hapo hapo ulipo. Ovaa."

"Nimesikia sasa, mwanangu. Nimesimama."

Aliyeongea katikati ni mke wa shemeji, si shemeji mwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Redio ikae kwa abiria. Dereva anayeshika redio kwa mkono mmoja kwenye kona za Soni hana tofauti na anayechati. Gari lenye dereva peke yake liwekewe maikrofoni ya waya inayobanwa kwenye kola au kwenye mkanda, au lisikilize tu bila kujibu.

Mazungumzo hayo mafupi yana adabu yake. Bonyeza, hesabu moja, kisha ongea, maana neno la kwanza hukatwa kila mara. Shika redio umbali wa vidole vitatu kutoka mdomoni na usipige kelele. Kupiga kelele huikoroga sauti. Mwite unayemtaka kwanza, jitaje, sema, achia. Wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika, na wote wawili wataamini wamesikika. Watoto wapewe zamu yao ya kusalimiana kwenye chaneli nyingine mkishasimama kula.

Kuna tahadhari ambayo sijaona ikipewa uzito unaostahili. Redio humjaribu wa nyuma kuovateki kwa macho ya wa mbele. "Njia safi, njoo!" Yule wa mbele alikuwa sahihi aliposema. Sekunde nne baadaye pikipiki imetoka kwenye shamba la mkonge. Wa mbele aseme kuna hatari. Asiseme kamwe hakuna. Likisemwa hivyo kabla ya safari, wote wakiwa wamesimama, linakaa kichwani.

Na ndiyo, najua wengi watanunua redio kwa ajili ya tochi. Wa mbele anamwona trafiki amejibanza nyuma ya mwembe na mashine yake ya kupimia mwendo, anabonyeza, na msafara mzima unashuka hadi 50 kwa unyenyekevu mkubwa. Sina la kuwafundisha hapo. Ninachojua ni kwamba vijiji vina watoto hata siku ambayo tochi haipo.

Chaji, waya na makelele

Watengenezaji wengi wanapotaja saa za betri hutumia kipimo cha 5-5-90: asilimia 5 ya muda redio inatuma, asilimia 5 inapokea, asilimia 90 iko kimya. Familia ya kwetu haina asilimia 90 ya ukimya. Saa 12 zilizoandikwa zihesabu kama mchana mmoja kwa tabu, na ulizia kabla ya kununua kama redio inachajiwa kwenye gari, kwa volti 12 au USB. Nyingi za bei ya chini huja na kitanda cha kuchajia cha umeme wa ukutani tu, ambacho njiani hakina kazi.

Ukiwasha redio ukasikia mvumo usioisha, usiilaumu redio kabla hujachomoa chaja ya simu ya bei rahisi na kamera ya dashibodi. Vifaa hivyo hutapakaza kelele za umeme zinazofunika sauti ya mbali, na msafara unapoteza nusu ya umbali wake bila mtu kuelewa kwa nini. Chomoa kimoja kimoja, utampata mkosaji.

Mengine ni ya haraka. Usibonyeze kuongea wakati antena haijafungwa, unaunguza sehemu inayotuma. Usiiache redio juu ya dashibodi juani. Betri za lithiamu hazipendi. Ukikuta kibao cha kuzima redio karibu na machimbo ya kokoto au ujenzi wa barabara, zima kweli, kwa sababu baruti zinazolipuliwa kwa umeme zinaweza kuitikia mawimbi. Vumbi na maji vina daraja lake: IP54 inastahimili vumbi na matone, IP67 haiingizi vumbi kabisa na inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa lami ya Moshi ya kwanza inatosha.

Je, simu haiwezi?

Inaweza, zaidi ya wauza redio wanavyokubali. Programu kama Zello hugeuza simu kuwa redio ya kubonyeza na kuongea, na kuna redio za laini ya simu ambazo kwa sura huwezi kuzitofautisha na redio koli. Umbali kwake si tatizo. Mjomba aliyechelewa kutoka Dar atawasikia mkiwa Mwanga. Leseni ya masafa ni juu ya kampuni ya simu. Kwa barabara kuu ya Moshi, familia isiyotaka kuhangaika na vibali ina jibu hapo, mradi ikubali kwamba sauti huchelewa kidogo na kwamba palipo na mtandao dhaifu huchelewa zaidi. Habari za kituo cha mafuta zinavumilia. Za ng'ombe hazivumilii.

Hesabu inageuka ukienda kaskazini mwa Kenya. Msafara unaotoka Maralal kupitia Baragoi na South Horr hadi Loiyangalani, kwenye Ziwa Turkana, au unaokatiza jangwa la Chalbi, unapita maeneo marefu yasiyo na mnara. Huko vumbi la gari la mbele humlazimisha wa nyuma akae mbali ili aone njia, na ardhi ya Chalbi ni tambarare ya kutisha. Hapo antena ya paa inatoa umbali ambao Lushoto ungeuota tu. Safari Rally ya miaka ya nyuma ilijenga mfumo mzima juu ya uwazi huo: helikopta ziliruka mbele ya magari ya mashindano na kuwaonya madereva kwa redio kuhusu mifugo na malori. Wasafiri wa kawaida hawana helikopta, kwa hiyo wabebe na simu ya setilaiti au kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, baada ya kuulizia kibali chake. Redio koli inamfikia mwenzako wa kilomita tano. Haimfikii daktari wa Marsabit.

Na kila msafara uwe na redio moja ya ziada isiyo ya gari lolote. Ndiyo anayoshika mtu anayeshuka kupima kina cha maji ya korongo, au anayemwongoza dereva kurudi nyuma kwenye ukingo, au anayetembea kutafuta fundi wa pancha. Redio iliyofungwa garini, hata iwe na wati 50, haitoki nje.

Kinachobaki ni jaribio, nalo halina gharama. Jumapili jioni, magari mawili yaende barabara iliyo wazi. Moja lisimame, jingine liondoke taratibu, vioo vimefungwa, kila kilomita likitaja namba yake mpaka sauti ife. Rudieni antena ikiwa juu ya paa. Andikeni namba zote mbili kwa kalamu ya wino kwenye boksi, juu ya ile ya kiwandani. Kisha rudieni wiki mbili kabla ya Krismasi na redio zote za msafara, kwa kuwa wiki ya mwisho fundi wa Kariakoo naye anakuwa ameshapanda basi la Rombo.